Kuba la Mtakatifu Kinga

Puto lilipasuka chini ya kuba, na Desmond Tillery akanyoosha kidole kuomba kimya, ingawa hapakuwa na wa kunyamazishwa. Mle kanisani walikuwa wawili tu: yeye, mtaalamu wa sauti, na Jadwiga Kulpa, mwanahistoria wa usanifu majengo. Mlio ulipanda, ukagonga kuba, ukarudi ukizunguka kuta. Zile sauti nyembamba zilikufa upesi kama ilivyo desturi yazo. Ile nzito ilibaki. Ilivuma chini chini, kama lori lililoegeshwa mlangoni na dereva akakataa kuzima injini.

"Umesikia?" Desmond akauliza.

"Nimesikia puto."

"Basi hujasikia. Tega tena."

Alipuliza jingine mpaka mashavu yakamvimba, akalifunga, akalichoma sindano. Mlio ukapanda, ukarudi, na ile sauti nzito ikang'ang'ania vilevile. Desmond aliinamia kompyuta yake, akatazama mistari, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. Jadwiga alikuwa mwaka wa pili sasa akifanya kazi na mtu huyu, na alishajua kwamba akipangusa miwani iliyo safi, kuna neno.

"Maikrofoni zako zimeshikwa na baridi," alimwambia.

"Nimezibadilisha zote."

"Basi ni unyevu."

"Unyevu hucheza na sauti nyembamba, nzito haina habari nao. Usinitafutie visingizio, dada. Ninavyo vyangu, na vyote vimenikatalia."

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi Machi, mjini Buffalo, na upepo wa ziwani ulikuwa umeumwagia mji theluji tangu katikati ya wiki. Haikuwa ile theluji kavu inayopeperuka kama unga. Ilikuwa ile ya mwisho wa majira, nzito, iliyojaa maji, inayovunja kiuno cha mwenye koleo. Saa chache baadaye kanisa la Mtakatifu Kinga lilikuwa lifunguliwe upya. Wapolandi waliolijenga walikuwa wameshakufa, watoto na wajukuu wao wamehamia vitongojini, askofu akalifunga na jiji likataka kulibomoa. Chuo kikuu kilikuja kulinunua dakika za mwisho ili liwe ukumbi wa mihadhara na muziki, na kilichowashawishi wakubwa wa chuo ni kitu kimoja tu: kuba. Sifa za kuba hilo zilitoka katika kitabu cha Jadwiga.

Kitabu kilisema hivi. Ignacy Pluta, mwashi aliyehamia Buffalo na kundi la wafanyakazi wa viwandani, alilijenga kuba kwa vigae vyembamba vilivyopandana tabaka juu ya tabaka, vikashikana kwa chokaa ya saruji mpaka vikawa kama ganda la yai. Hapakuwa na kenchi, zile mbao za kubeba paa, juu yake wala nguzo chini yake. Watu waliotukanwa mitaani kwa lugha yao na majina yao walijijengea paa ambalo halikumwomba mtu msaada. Jadwiga aliliita "kuba lisiloegemea mtu," na maneno hayo yakatoka kitabuni yakaenda mjini. Yaliandikwa kwenye ukuta wa mgahawa wa pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha, mapadri waliyasema kwenye mazishi, na leo wasomi wa usanifu kutoka pande zote za bara walikuwa wamekuja kwenye kongamano kuyasikia yakisemwa chini ya kuba lenyewe.

"Nataka nikuulize tena kitu," Desmond akasema. Alikuwa ameacha mzaha. "Mwaka jana theluji ilipoyeyuka, tulipopima mara ya kwanza, nilikuuliza kwa nini kuba hili linameza besi. Ulinijibuje?"

"Nilikwambia ni sakafu ya mbao. Na mabenchi."

"Sakafu hiyo hapo. Mabenchi hayo hapo. Leo besi haimezwi."

Jadwiga aliyatazama mabenchi.

"Vigae ni mawe, dada. Havimezi besi. Vinakurudishia kila ulichovipa, na dharau juu yake. Kinachomeza besi ni kitu chembamba kinachotikisika kikipigwa. Ubao. Au lipu iliyopakwa kwenye fito, kisha ikatundikwa. Inakuwa kama ngozi ya ngoma. Sasa ngozi hiyo ilikuwa inacheza mwaka mzima, leo haichezi. Maana yake nini?"

"Desmond, tulilitoboa kuba. Tulikuta kigae. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Tulitobolea wapi?"

Jadwiga alijua walikotobolea. Walitobolea pembeni, chini, pale kuba linapoota kutoka ukutani, kwa sababu jukwaa la mafundi liliishia hapo. Walikuta kigae, saruji, kigae. Siku hiyo alipiga kelele za furaha, wakaenda kula mabawa ya kuku na kunywa bia. Kutoka kwenye tundu lile dogo alikuwa amepanda kwa akili yake mpaka kileleni, vigae mwendo mzima. Na hoja yake nyingine, ile iliyopigiwa makofi kuliko zote, ilikuwa kwamba hapakuwa na mlango wa kuingilia juu ya kuba. Kama kungekuwa na kenchi za kukagua, aliandika, wajenzi wangeacha mlango.

"Maana yake," Desmond akajijibu mwenyewe, "kuna kitu kimeilalia."

Jadwiga aliinua uso. Juu kabisa, malaika wa rangi ya buluu walishikana mikono kulizunguka jua la dhahabu, kama walivyokuwa alipobatizwa. Hakuona ufa. Alipanda ngazi hadi kwenye roshani ya kinanda akiwa na darubini, akakagua jua, malaika na nyota, kipande kwa kipande, shingo ikamuuma. Hakuona ufa. Aliposhuka, alipita kwenye mabenchi ya katikati akaona vumbi jeupe juu ya mbao, jembamba, kana kwamba mtu amepepeta unga mbali. Mafundi wa rangi walikuwa wameondoka juzi tu. Vumbi hilo lingeweza kuwa lao. Aligusa kwa kidole, akalisaga, akatamani kidole kiwe na ulimi kimwambie.

Alimpigia simu Marguerite Oyler, mhandisi aliyeidhinisha jengo. Mhandisi alikuwa amekwama kwenye barabara kuu nyuma ya gari la kusukuma theluji.

"Nieleze taratibu," Oyler alisema baada ya kusikiliza. "Puto?"

"Maputo. Desmond amepima mara nyingi. Jibu halibadiliki."

"Wewe ndiye uliyeniambia ni vigae. Hesabu yangu ya theluji imekaa juu ya vigae vyako, unaelewa? Ganda la vigae linabeba theluji hii na nyingine kama hii. Sasa unaniambia si vigae?"

"Nakuambia huenda kileleni si vigae."

"Huenda. Una uhakika?"

"Sina."

"Basi usinitie maneno kinywani. Siwezi kufunga jengo la umma kwa simu, nikiwa ndani ya gari, kwa sababu ya maputo." Jadwiga alisikia vifuta kioo vya gari vikilia huku na huku. "Lakini nikuambie jambo, na hili si la kiofisi. Kama ni lipu iliyotundikwa kwenye kenchi za mbao za zama zile, mimi mama yangu nisingemkalisha chini yake leo. Mvua imeanza huku. Inakuja kwenu."

Alipokata simu milango mikubwa ilikuwa imefunguliwa, na kwaya ilikuwa inaingia ikikung'uta theluji miguuni. Walikuwa wazee wa parokia, wake kwa waume, waliorudi kutoka vitongojini kuimba mara moja tena pale walipofungia ndoa. Mbele yao alitembea shangazi yake Jadwiga, Leokadia, katika koti la manyoya lililoshinda nondo wengi, akiongoza kundi kama mbwa wa mchungaji.

"Jadzia!" alipaza sauti. "Mbona uso umekuwa kama maziwa ya jana? Umekula wewe?"

"Nimekula, Shangazi."

"Mwongo. Babako alikuwa hivyohivyo." Akampita, akaenda kuwapanga watu wake katikati kabisa, chini ya jua la dhahabu, kwa sababu ndipo sauti inapopendeza.

Nyuma ya kwaya aliingia Profesa Carlton Hewes, mkuu wa idara, akiwa amevaa tai nyekundu na uso wa mtu aliyemwoza binti yake vizuri. Alistahili uso huo. Ni yeye aliyekaa kwenye vikao vya jiji mwaka baada ya mwaka akizuia tingatinga; ni yeye aliyewabembeleza wafadhili mmoja mmoja. Mabasi ya wageni yalikuwa tayari yanaegeshwa barabarani. Jadwiga alimshika mkono akamvuta nyuma ya nguzo, Desmond akawafuata na kompyuta kifuani.

Hewes alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kukatiza wenzake.

"Nionyeshe ufa," akasema.

"Hakuna ufa."

"Nionyeshe palipobonyea."

"Kwa macho hapaonekani. Profesa, ukiangalia huu mstari—" Desmond alianza.

"Kijana, mimi mistari yako siijui, nawe wajua siijui." Kisha akamgeukia Jadwiga, na sauti yake ikashuka. "Unaelewa unachoniomba? Jiji lilituachia jengo hili kwa shingo upande. Nikitamka leo mbele ya watu kwamba si salama, Jumatatu tingatinga liko mlangoni. Hakuna kamati, hakuna rufaa. Miaka yote ile, kwisha. Na ushahidi ni upi? Kwamba puto limelia vibaya."

"Ushahidi ni kwamba nilikosea."

"Ulikosea wapi? Wanahistoria wote wamekubali. Mhandisi amesaini."

"Mhandisi amesaini kwa sababu yangu. Wanahistoria wamekubali kwa sababu yangu. Sote tumeegemea tundu moja nililotoboa pembeni, Carlton. Tundu moja!"

Hewes alitazama juu, akatazama watu wanaoingia, akajifuta paji la uso, ingawa mle ndani baridi ilikuwa kali. "Nipe nusu saa," akasema. "Ufunguzi ni mfupi. Kwaya iimbe, mimi niseme maneno mawili, kisha tuwahamishie wote kwenye ukumbi wa shule ng'ambo ya barabara tukijifanya ni chai. Pasiwe na fadhaa, pasiwe na waandishi wa habari. Jengo limesimama zaidi ya karne, Jadwiga. Litashindwa kusimama nusu saa?"

Jadwiga alitaka kukataa, na hakukataa. Ni lazima tuseme hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Lilikuwa pendekezo lenye akili, limesemwa na mtu mwenye akili, na ndani yake kulikuwa na nafasi ya kitabu chake kuishi walau mpaka jioni. Aliitikia kwa kichwa. Desmond alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, akafunga kompyuta, akaenda zake karibu na mlango wa upande.

Mabenchi yalijaa. Wasomi walivua makoti, wakainua shingo, wakaonyeshana malaika kwa vidole. Jadwiga alisimama ukutani na akasikia mvua ikianza juu. Mvua juu ya theluji haidondoki kwa kelele; hunywewa. Ilisikika kama mtu anayemwaga mchanga kwenye godoro. Kila tone lilipotua lilibaki hukohuko juu, na theluji ikazidi uzito.

Leokadia aliinua mikono. Kwaya ikaanza.

Walianza wanawake, na Jadwiga aliwasikiliza akiwa amekaza meno. Kisha wakaingia wanaume wa besi, wazee waliowahi kuyeyusha chuma na kuchinja ng'ombe, wakashika noti moja ndefu ya chini. Leokadia akafunga ngumi kuwanyamazisha. Wakanyamaza.

Noti haikunyamaza.

Ilibaki hewani, nene, ikitembea juu ya vichwa vya watu, na wasikilizaji wakaguna kwa raha, wakidhani ndio ufundi wa Ignacy Pluta. Bwana mmoja mstari wa mbele alifumba macho akatabasamu. Jadwiga alijua nyimbo za kanisa hili tangu akiwa tumboni. Utoto wake wote sauti za wanaume mle ndani zilikuwa kavu, zilikatika mara moja, mpaka babu yake alizoea kulalamika kwamba Mungu wa Mtakatifu Kinga ni kiziwi wa besi. Hakuhitaji kompyuta ya mtu. Juu ya kichwa cha shangazi yake kulikuwa na kitu kilichokuwa kinapumua, na sasa kilikuwa kimebanwa kifua.

Alitembea mpaka mbele. Hakukimbia, aliogopa kukimbia. Hewes alimwona, akatikisa kichwa mara moja, kwa nguvu. Jadwiga alipanda kwenye mimbari akaivuta maikrofoni.

"Samahani," alisema, na sauti yake ikamrudia. "Naitwa Jadwiga Kulpa. Wengi wenu mmekuja kwa sababu ya kitabu changu. Kitabu kinasema kuba hili ni la vigae na linajibeba lenyewe. Si kweli. Nimelijua hilo leo asubuhi. Juu hapo ni lipu na fito, zimetundikwa kwenye kenchi za mbao, na naamini kenchi zimekatika kwa theluji na zimelilalia kuba. Naomba mtoke. Kwa mlango wa upande na wa nyuma. Polepole, bila kukimbia, sasa hivi."

Hakuna aliyesogea. Ni jambo la ajabu jinsi watu wanavyokaa wanapoambiwa paa linaanguka. Kwanza humtazama jirani. Mtu mmoja akacheka, akidhani ni mwanzo wa mhadhara. Kwenye benchi la tatu akainuka mzee mwenye ndevu nyeupe, profesa kutoka Toronto, akanyoosha mkono.

"Ningependa kujua," akasema, "madai haya mapya yamejengwa juu ya ushahidi wa aina gani?"

"Sauti. Tumepasua maputo."

Vicheko vikapita mabenchini.

"Maputo! Lakini, kimsingi, utakubali kwamba ushahidi wa sauti, usipothibitishwa na—"

"Profesa, nje nitakujibu maswali yako yote, mpaka uchoke wewe. Humu ndani sijibu hata moja. Toka!"

Neno hilo la mwisho lilipaa likagonga juu. Katika ukimya uliofuata, kitu kikalia mle kileleni. Hakikuwa kishindo, ulikuwa mkwaruzo mfupi, kama kiti kinachovutwa kwenye chumba cha ghorofani. Vumbi jeupe likashuka kwenye mwanga, taratibu, likatua juu ya mabega ya kwaya.

Hapo Hewes aliinuka. Jadwiga alidhani anakuja kumpokonya maikrofoni. Lakini alienda moja kwa moja kwenye mlango wa upande, akausukuma kwa bega mpaka theluji ya nje ikakubali, akasimama hapo akiushikilia. "Mmemsikia," akasema kwa sauti ya darasani. "Mstari wa mbele kwanza. Acheni makoti." Jadwiga alipomkaribia akisindikiza watu, alimnong'oneza bila kumtazama: "Umetuzika." Na mkono wake ukaendelea kuwasaidia wazee kuvuka kizingiti.

Walitoka. Desmond alisimama nje kwenye mvua akiwaelekeza ng'ambo ya barabara, akiwatania wasiotaka kulowa. "Twende, mama, twende, nywele zitakauka! Profesa, swali lako halijalowa bado, litunze!" Mabenchi yakawa matupu, mstari kwa mstari, mpaka akabaki mtu mmoja.

Leokadia alikuwa amekaa kwenye benchi la katikati, chini ya jua la dhahabu, mkoba mapajani.

"Shangazi, inuka."

"Sitoki."

"Shangazi, tafadhali."

"Walishanitoa humu mara moja. Askofu alituma barua nzuri, akatutoa. Nililia mwezi mzima. Leo nimerudi, nimesimama mahali pangu, nimeimba ubeti mmoja, na wewe mtoto wa kaka yangu unakuja kunitoa mara ya pili. Na kutuaibisha! Lisiloegemea mtu, lisiloegemea mtu, kila siku tunajidai mbele ya jirani zetu Waairishi, kumbe tulikuwa tunaning'inia tu kama nguo?"

"Ndiyo. Tulikuwa tunaning'inia. Nitakueleza nyumbani. Inuka."

"Kaeleze maprofesa wako."

Mkwaruzo ukalia tena, mrefu zaidi kuliko wa kwanza. Kipande cha nyota, kikubwa kama sahani, kikaachia pembeni ya jua kikapasuka njiani kati ya mabenchi. Jadwiga alikitazama, kisha akamtazama shangazi yake. Aliwaza kumbeba, lakini Leokadia alikuwa mwanamke wa mwili, na koti lile lilikuwa na uzito wake peke yake. Basi akafanya jambo ambalo hakulipanga. Aliingia kwenye benchi, akaketi ubavuni mwa shangazi yake, akakunja mikono.

"Unafanya nini?"

"Nakaa."

"Jadzia, toka."

"Ukitoka natoka. Ukikaa nakaa."

"Usinichezee, mtoto wewe."

"Sichezi."

Leokadia alimtazama usoni. Alikuwa amemlea tangu mama yake alipofariki, na alijua lini msichana huyu anatishia na lini anasema kweli. "Mpumbavu mkubwa wee!" akafoka, akainuka kama aliyeungua, akamkamata mkono juu ya kiwiko na kumkokota. "Inuka! Huna hata watoto, unataka kufa hivihivi? Tembea! Masomo yote hayo hayajakutia akili!" Akamburuta hivyo mpaka nje, akimtukana kwa Kipolandi njia nzima, na nje kwenye mvua akamkumbatia mbele ya wasomi wa bara zima, hakumwachia upesi.

Zimamoto walikuja na gari la ngazi ndefu. Kamanda wao hakuthubutu kuweka mtu juu ya paa. Alipanda mwenyewe ndani ya kikapu cha ngazi mpaka usawa wa kilele, akakata bati kwa msumeno, akaingiza taa na kichwa. Alikaa huko muda ambao Jadwiga aliuona hauna mwisho. Oyler alikuwa amefika, buti zimejaa matope, akasimama karibu naye bila kusalimia. Kamanda aliposhuka alivua kofia.

"Nani alisema humo ndani hakuna kenchi?"

"Mimi," Jadwiga akasema.

"Basi zipo, mama. Nyingi. Mbili zimekatika katikati kama mkate mkavu na zimelala mgongoni mwa hiyo dari yenu. Dari si vigae. Nimeona fito kwa macho yangu, na lipu imejipenyeza katikati yake. Kinachozuia zisidondoke sasa hivi ni hiyo lipu yenyewe, na sijui inazuiaje." Akamgeukia Oyler. "Hakuna anayeingia. Hata mimi siingii."

Oyler aliitikia kwa kichwa. Baadaye, walipokuwa wawili, alimwambia Jadwiga, "Ningepaswa kudai tundu la pili. Ulikuwa umeandika vizuri mno." Haikuwa pongezi, na Jadwiga hakuipokea hivyo.

Kongamano liliendelea katika ukumbi wa shule, katikati ya harufu ya samaki wa kukaanga wa Ijumaa za Kwaresima. Profesa wa Toronto aliuliza swali lake na mengine baada yake. Jadwiga alijibu yote akiwa amesimama, nywele zimelowa, na Desmond akakaa pembeni yake akidakia pale hesabu ilipohitajika. Wapo waliomsikiliza kwa heshima. Wapo waliokuwa wanaandika kwa furaha isiyofichika, kwa sababu anguko la mwenzako ni makala yako.

Jumapili alfajiri Hewes alimpigia simu. "Limeanguka," akasema, akakata. Hapakuwa na mtu aliyeliona. Jadwiga alikaa jikoni, miguu peku kwenye sakafu ya baridi, akalia. Kitabu kilikuwa sehemu ndogo ya kilio hicho. Alikuwa analiona benchi la katikati, na mkoba mapajani.

Tingatinga halikuja Jumatatu. Lilisogezwa, likasogezwa tena, kwa sababu Hewes alirudi vikaoni, safari hii akiwa na hoja ambayo hakuipenda lakini ilikuwa ya kweli: kuta zimesimama, na ule ukingo wa chini wa kuba, wa vigae hasa, haukupata hata ufa. Pluta alikuwa ameanza kwa vigae. Kwa nini aliacha njiani akamalizia kwa mbao na lipu, hakuna aliyejua. Wafadhili wawili walijitoa. Hewes na Jadwiga hawakusemezana mpaka mwisho wa muhula, isipokuwa kazini, na kwa adabu. Naye Jadwiga alimwandikia mchapishaji aache kukiuza kitabu, na akakubali lawama zilizofuata, ambazo hazikuwa chache.

Theluji ilipokwisha waliruhusiwa kuingia, wakiwa na kofia ngumu. Anga ilikuwa wazi pale jua la dhahabu lilipokuwa, na njiwa walishaanza kupatawala. Desmond alienda kuzungumza na Oyler juu ya kuta. Jadwiga aliinama kwenye kifusi, akaokota kipande cha lipu, akakigeuza. Upande wa mbele kulikuwa na bawa la malaika. Upande wa nyuma, ule ambao hakuna mtu aliyetakiwa kuuona, lipu ilikuwa imejikunja katikati ya mahali pa fito kama ndimi nyingi zilizogandishwa, na juu yake kulikuwa na alama za vidole vya watu waliokuwa na haraka: kipana, chembamba, kingine kilichokosa ncha. Alikaa juu ya benchi lililovunjika. Alivua glavu, akaweka kidole chake katika alama moja, kisha akatoa penseli na kuanza kuchora upande ule wa nyuma.